Programu ya mikopo iliyokataa kufunguka asubuhi: uchambuzi wa kisa kimoja cha hitilafu za kuja na kuondoka

Mazingira

Kisa hiki kilitokea katika chama cha ushirika wa akiba na mikopo kilichopo kwenye mji mmoja wa mkoani nchini Tanzania. Jina la chama, mji wenyewe na vyeo halisi vya watumishi vimeondolewa, na maelezo machache yasiyogusa kiini cha tatizo yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike.

Chama kilikuwa kikitunza hesabu za wanachama wake, yaani akiba, hisa, mikopo na wadhamini, kwa programu iliyoandikwa kwa Delphi, zana ya kutengenezea programu za Windows, miaka mingi iliyopita. Mwandishi wake hakupatikana tena, na msimbo wa asili, yaani maandishi ambayo programu ilitengenezwa kutokana nayo, haukuwepo popote ofisini, hivyo hapakuwa na njia ya kuifungua programu na kuirekebisha kwa ndani. Data zilihifadhiwa katika majedwali ya Paradox, mfumo wa zamani wa kanzidata, ndani ya folda moja kwenye seva, na kompyuta za kaunta, za ofisi ya mikopo na za uhasibu zilizifikia kupitia mtandao wa ndani. Ofisi ya uhasibu ilikuwa pia na programu ya pili, ndogo, ya kukokotoa gawio na kuchapa taarifa, ambayo ilisoma majedwali yaleyale.

Ili kusoma na kuandika majedwali hayo, programu zote mbili zilitegemea injini iitwayo Borland Database Engine, inayofahamika kwa kifupi kama BDE. Injini hii ilikuwa ndani ya kifurushi cha Delphi tangu toleo lake la kwanza mwaka 1995, na Paradox yenyewe ni ya zamani zaidi, kwani ilitoka mwaka 1985 chini ya kampuni ya Ansa kabla ya Borland kuinunua mwaka 1987. Jambo moja kuhusu muundo wake linahitaji kueleweka mapema: BDE haina mhudumu wa kanzidata, yaani programu inayokaa kwenye seva na kusimamia maombi. Seva inatunza mafaili tu, na kila kompyuta ya mtumiaji inaendesha injini yake kamili, kisha injini hizo zinapatana zenyewe kwa zenyewe kuhusu nani anashika rekodi ipi. Kwa hiyo mpangilio wa kompyuta moja unaweza kuzuia kazi za ofisi nzima, hata kama seva ni nzima na mtandao hauna dosari.

Tatizo lilivyojitokeza

Kwa miezi kadhaa programu ya mikopo ilikuwa ikikataa kufunguka baadhi ya asubuhi. Siku nyingine kompyuta zote zilifunguka bila shida. Siku nyingine moja tu ndiyo iliyokwama. Siku nyingine zote zilikwama isipokuwa moja. Watumishi walieleza tatizo kwa sentensi moja, kwamba "mfumo unagoma", na wakatoa dawa moja, kwamba zikizimwa zote na kuwashwa upya mara nyingi hukubali. Wanachama walisubiri kwenye mabenchi huku karani akiandika malipo kwenye karatasi ili ayaingize baadaye, na uandishi huo wa mara mbili ulizaa makosa ambayo mhasibu alikuwa akiyatafuta hadi jioni.

Kabla ya uchunguzi unaoelezwa hapa, hatua tatu zilikuwa zimeshachukuliwa. Swichi ya mtandao ilibadilishwa pamoja na kebo za kaunta. Afisa mikopo alishauriwa kufuta picha na nyaraka kwenye kompyuta yake kwa sababu ujumbe uliotokea kwake ulidai kwamba nafasi kwenye diski haitoshi. Na mtumishi mmoja wa kaunta alifundishwa kuingia kwenye folda ya seva na kufuta mafaili yanayoishia na LCK kila programu inapogoma. Kila hatua ilionekana kusaidia kwa siku chache, na hilo ndilo lililoimarisha imani kwamba chanzo ni mtandao uliochoka pamoja na diski zilizojaa.

Hatua ya kufuta mafaili ya LCK ndiyo iliyotia wasiwasi kuliko zote. Ndani ya mafaili hayo injini zinaandika nani anatumia jedwali gani. Yakifutwa wakati mtu mwingine bado yumo ndani ya programu, au yakifutwa kwa nusu, kompyuta mbili zinaweza kuandika mahali pamoja bila kujuana. Kwa data za fedha za watu, hiyo ni hatari kubwa kuliko kuchelewa kufungua kaunta.

Uamuzi wa kwanza: kulinda data kabla ya kutafuta chanzo

Siku ya kwanza haikutumika kutafuta hitilafu. Baada ya saa za kazi watumishi wote walitoka kwenye programu, amri ya net file ikaendeshwa kwenye seva kuthibitisha kwamba hakuna faili lililobaki wazi, kisha folda nzima ya majedwali ikanakiliwa kwenye diski ya nje. Nakala hiyo, wala si folda halisi, ndiyo iliyokaguliwa kwa zana ya Borland inayotumia TUTIL32.DLL kupima uzima wa majedwali ya Paradox. Ukaguzi ulionyesha kwamba faharasa ya jedwali la wadhamini ilikuwa haiendani tena na jedwali lenyewe. Ilijengwa upya kwenye nakala, rekodi zikalinganishwa na fomu za karatasi za mikopo, na baada ya mhasibu kuridhika ndipo marekebisho hayo yakahamishiwa kwenye folda halisi.

Meneja aliagiza pia kwamba mtu yeyote asifute faili la LCK mchana. Agizo hilo halikupendwa, kwa kuwa liliwanyima watumishi dawa pekee waliyoijua, lakini lilikuwa la lazima kwa sababu mbili: lilizuia uharibifu zaidi, na liliacha hitilafu ionekane katika hali yake halisi.

Uamuzi wa pili: kuandika kila tukio

Maneno "mfumo unagoma" yalikuwa yakifunika matukio ambayo huenda hayakuwa na uhusiano wowote. Kwa hiyo kila kompyuta iliwekewa karatasi yenye safu chache: saa ya tukio, jina ambalo mtumishi aliingilia kwenye Windows, ujumbe wenyewe ukipigwa picha kwa simu, nani alikuwa ameshafungua programu kabla yake, nafasi iliyobaki kwenye diski C kwa baiti, na kama kompyuta iliwashwa upya asubuhi hiyo au iliachwa usiku kucha. Safu ya nafasi ya diski iliombwa kwa baiti na si kwa gigabaiti, na sababu yake itaonekana mbele.

Baada ya wiki chache karatasi zilionyesha kwamba kulikuwa na ujumbe wa aina tatu tofauti. Wa kwanza ulisema kwamba folda ya data inadhibitiwa na faili jingine la NET, nao ulitokea kwenye kompyuta yoyote. Wa pili ulikuwa na namba $210D, unaohusu mgongano wa kumbukumbu ya pamoja, na ulitokea uhasibu tu. Wa tatu ulikuwa ule wa nafasi ya diski kutotosha, na kwa kipindi chote cha uandikishaji ulitokea kwa afisa mikopo peke yake. Tangu hapo kila ujumbe ulichukuliwa kuwa kisa kinachojitegemea.

Faili la NET na suala la nani amefungua kwanza

Kompyuta zinazotumia majedwali ya Paradox kwa pamoja hupatana kupitia faili liitwalo PDOXUSRS.NET, na mahali lilipo huwekwa kwenye kila kompyuta katika mpangilio wa NET DIR. Sharti lake ni moja na halina msamaha: wote wanaotumia folda moja ya data lazima waelekee faili moja la NET. Ni sawa na daftari la wageni la getini. Jengo likiwa na mageti mawili na kila geti likawa na daftari lake, hakuna mlinzi atakayejua kwa hakika nani yumo ndani. Mtumiaji wa kwanza anapofungua folda ya data, injini yake huandika humo faili la PDOXUSRS.LCK linaloonyesha folda inadhibitiwa na faili lipi la NET, na yeyote atakayekuja na faili jingine hukataliwa.

Karatasi zilionyesha kwamba ujumbe huu ulihusiana na karani mmoja wa kaunta. Akiwa wa kwanza kufungua, wengine wote walikataliwa. Akija baada ya wengine, yeye peke yake ndiye aliyekataliwa. Siku alizokuwa likizo ujumbe haukutokea hata mara moja. Hapa ndipo dawa ya kuzima na kuwasha ilipoeleweka, maana kompyuta zote zikianza upya, mpangilio wa nani anafungua kwanza hubadilika, na tatizo huhama au hupungua kutegemea kasi ya kila mashine kuwaka.

Lililochanganya ni kwamba NET DIR ilikaguliwa kwenye kompyuta yake na kukutwa sahihi. Mwenzake wa zamu alitumia kompyuta hiyohiyo bila tatizo lolote. Hitilafu ilikuwa inamfuata mtu na si mashine, na ndiyo maana safu ya jina la Windows iliwekwa kwenye karatasi.

Maelezo yake yamo katika mabadiliko yaliyokuja na Windows Vista mwaka 2007. BDE huhifadhi mipangilio yake kwenye rejista ya Windows, yaani hifadhi kuu ya mipangilio ya mfumo, na kwenye faili la IDAPI32.CFG, mahali ambapo mtumiaji wa kawaida haruhusiwi tena kuandika. Ili programu za zamani zisivunjike, Windows hupokea maandishi hayo kimyakimya na kuyaweka kwenye hifadhi binafsi ya mtumiaji iitwayo VirtualStore, kisha humsomea mtumiaji huyo nakala yake badala ya ile halisi. Wakati fulani fundi aliingia kwa jina la karani huyo, akafungua BDE Administrator, yaani programu ya kubadilishia mipangilio ya BDE, bila mamlaka ya msimamizi, na akabadilisha NET DIR. Baadaye folda ya NET ilihamishiwa mahali pengine kwenye seva hiyohiyo na mipangilio ya kompyuta zote ikarekebishwa kwa jina la msimamizi, lakini nakala binafsi ya karani ilibaki na njia ya zamani. Folda ya zamani bado ilikuwepo, kwa hiyo akiwa peke yake ofisini kila kitu kilifanya kazi vizuri.

Dhana hii ilijaribiwa jioni kabla ya kugusa chochote. Karani alifungua kwanza, wengine wakakataliwa. Walipotoka wote na wengine wakafungua kwanza, akakataliwa yeye. Jaribio lilirudiwa kwa mpangilio tofauti na halikukosea hata mara moja. Ndipo nakala yake ya VirtualStore ikafutwa, kwenye mafaili na kwenye rejista, na folda ya zamani ya NET ikaondolewa kwenye seva ili kama kuna mwingine aliyebaki na njia hiyo, ajulikane papo hapo.

Kumbukumbu ya pamoja katika kompyuta ya uhasibu

Mhasibu alifungua programu ya mikopo na programu ya gawio kwa wakati mmoja. Programu mbili za BDE kwenye mashine moja hushirikiana sehemu moja ya kumbukumbu, na zote mbili lazima ziione sehemu hiyo kwenye anwani ileile. Kama anwani hiyo imeshakaliwa na maktaba nyingine ndani ya programu ya pili, programu hiyo hushindwa kuanza na kutoa $210D.

Katika Windows za zamani maktaba zilikaa kwenye anwani zilezile siku zote, hivyo mgongano ama ulikuwepo daima ama haukuwepo kabisa. Tangu Vista, kwa sababu za usalama, Windows huzipanga maktaba za mfumo kwenye anwani za kubahatisha, na bahati hiyo huchezwa mara moja kila kompyuta inapowashwa. Karatasi za uhasibu zililingana na maelezo haya moja kwa moja: hitilafu ikijitokeza asubuhi ilidumu kutwa nzima hata programu ikifungwa na kufunguliwa mara ngapi, na ilitoweka baada ya kompyuta kuwashwa upya. Mpangilio wa SHAREDMEMLOCATION, unaotaja anwani ya sehemu hiyo, uliwekwa 5BDE, thamani inayotumiwa sana na mafundi wa mifumo hii, na SHAREDMEMSIZE, yaani ukubwa wake, ikaongezwa kutoka 2048 hadi 4096. Safari hii BDE Administrator ilifunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi.

Diski iliyodaiwa kujaa

Diski ya afisa mikopo ilikuwa na zaidi ya gigabaiti 8 za nafasi, huku programu ikidai kwamba nafasi haitoshi kutengeneza jedwali la muda la mikopo iliyochelewa, ambalo huandaliwa kila programu inapoanza. Hesabu za injini kuhusu nafasi ya diski ni za biti 32, na namba ya biti 32 haiwezi kuzidi 4,294,967,295. Nafasi iliyobaki ikizidi hapo, kinachoonekana na injini ni baki baada ya kuondoa mafungu kamili ya gigabaiti 4. Diski yenye gigabaiti 8 na kidogo inaonekana kama diski yenye hicho kidogo tu. Wahandisi wa miaka ya 1990 hawapaswi kulaumiwa sana kwa hili, kwa kuwa diski za wakati huo hazikuwaweka mbele ya tatizo.

Safu ya baiti ilionyesha kwamba kila ujumbe ulipotokea, nafasi ilikuwa juu kidogo tu ya 8,589,934,592, yaani mafungu mawili kamili. Kwa uthibitisho, faili la kujazia lilitengenezwa kwa amri ya fsutil kwenye kompyuta nyingine isiyowahi kuwa na tatizo hilo, hadi nafasi yake ikafika kwenye kiwango hichohicho, na ujumbe ukatokea. Faili lilipofutwa, ujumbe ukaondoka. Sasa ikaeleweka pia kwa nini kufuta picha kulisaidia: nafasi ilisogea mbali na fungu kamili, kisha masasisho ya Windows na mafaili ya kila siku yakairudisha taratibu karibu na fungu hilo.

Kwa kuwa programu yenyewe haikuweza kurekebishwa, iliandikwa skripti fupi ya PowerShell, lugha ya amri ya Windows, inayotangulia kila programu inapofunguliwa. Hupima nafasi ya diski, na baki likiwa dogo hutengeneza faili la kujazia ili nafasi ishuke chini ya fungu kamili. Haikuandikwa kwa faili la BAT, njia ya zamani ya kuandika amri za Windows, kwa sababu amri yake ya kukokotoa, set /a, nayo hukokotoa kwa biti 32, na ingerudia kosa lilelile tunalolikwepa.

Kwa nini mfumo haukubadilishwa mara moja

Bodi iliuliza, na ilikuwa haki yake kuuliza, kwa nini fedha zitumike kutengeneza injini ambayo hata Embarcadero, mrithi wa bidhaa hizo, iliiondoa kwenye kifurushi cha RAD Studio, kinachobeba Delphi, kuanzia toleo la XE7 mwaka 2014. Jibu lililotolewa ni kwamba kufunga hesabu za mwaka na mkutano mkuu vilikuwa vimekaribia, na kuhamisha data ambazo uzima wake haujathibitishwa ni kuhamisha makosa pamoja nazo. Ilikubaliwa kwamba mfumo utulizwe kwanza, hesabu zifungwe, ndipo uhamisho kwenda Firebird, mfumo mwingine wa kanzidata, uanze kwa majedwali yaliyokaguliwa. Firebird ilichaguliwa kwa kuwa haina ada ya leseni na ina mhudumu halisi wa kanzidata kwenye seva, jambo ambalo lingeondoa kabisa aina ya kwanza ya hitilafu.

Matokeo

Ujumbe wa faili la NET haukurudi baada ya nakala ya karani kuondolewa. Ule wa $210D haukuonekana tena uhasibu hadi uhamisho ulipofanyika. Ule wa diski ulizuiwa na skripti, ambayo kumbukumbu zake zilionyesha kwamba iliingilia kati mara chache, kwenye kompyuta ya afisa mikopo na nyingine moja ya kaunta. Hesabu za mwaka zilifungwa kwenye mfumo wa zamani bila kusimama.

Umeme uliendelea kukatika, na kila seva ilipozimika ghafla mafaili ya LCK yasiyo na mwenyewe yaliachwa. Kwa hilo seva iliwekewa betri ya akiba, pamoja na kazi ya usiku inayofuta mafaili hayo pale tu ambapo hakuna kompyuta iliyoshika faili lolote la data.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni kutenganisha ujumbe. Vyanzo vitatu vilikuwa vikitokea kwa zamu katika ofisi moja, na kila kimoja kiliweza kutulia chenyewe, hivyo jaribio lolote la kutafuta chanzo kimoja lingepata ushahidi nusu wa kuliunga mkono na nusu wa kulipinga. Swichi mpya haikuwa na kosa lolote. Ilifungwa tu katika wiki ambayo karani alikuwa likizo, jambo ambalo liligundulika baadaye kwa kulinganisha risiti ya swichi na daftari la mahudhurio.

Kuirudisha hitilafu kwa makusudi kabla ya kuirekebisha kulikuwa na thamani ya pekee. Hitilafu inayoondoka yenyewe humfanya kila mtu aliyegusa kitu siku hiyo aamini kuwa ameiponya, na katika kisa hiki watu watatu tofauti walikuwa wameamini hivyo kwa nia njema kabisa. Hitilafu ya NET na ile ya diski ziliweza kuitwa na kufukuzwa kwa hiari, kwa hiyo uhakika kuhusu dawa zake ni kamili. Ile ya kumbukumbu ya pamoja haikuweza, kwani anwani hupangwa na Windows, na kwa haki dawa yake inabaki kuwa imethibitishwa kwa kutorudi tu.

Kilichoshindwa ni utunzaji wa mipangilio. Miezi michache baada ya matengenezo, kompyuta mpya ya kaunta ilinunuliwa na kuwekwa na fundi mwingine, ambaye aliisakinisha BDE ikiwa na NET DIR ya asili, yaani C:\, na asubuhi iliyofuata ujumbe wa faili la NET ukarudi. Safari hii ulitambuliwa kabla ya kaunta kufunguliwa, kwa sababu karani alikumbuka maneno ya kwenye skrini na akampigia simu mtu sahihi, lakini hilo lilitegemea kumbukumbu ya mtu mmoja. Thamani za NET DIR, SHAREDMEMLOCATION, SHAREDMEMSIZE na mahali pa folda binafsi za muda, ambamo kila kompyuta huweka majedwali yake ya muda, zilipaswa kuwa kwenye karatasi ndani ya kabati la seva tangu siku ya kwanza, pamoja na onyo kwamba BDE Administrator isifunguliwe bila mamlaka ya msimamizi. Sasa zimo. Karatasi za matukio nazo ziliachwa kujazwa mara tu mfumo ulipotulia, kwa hiyo hakuna takwimu za miezi ya mwisho kabla ya uhamisho.

Majedwali ya Paradox hayajatupwa. Yamehifadhiwa kama nakala ya kusoma tu kwenye kompyuta moja isiyounganishwa na mtandao, yenye NET DIR na folda za muda kwenye diski yake yenyewe, kwa ajili ya wanachama wanaohitaji taarifa za mikopo ya miaka ya nyuma.